Naomba ushauri: programu ya chama chetu cha korosho imekutwa na matundu 38, nianzie wapi?

Mwananewala:
Wakuu, salaam. Mwaka jana nilikiandikia chama chetu cha msingi hapa Newala programu ya kupokelea korosho, kwa Node.js (mfumo wa kuendeshea JavaScript kwenye seva). Karani wa mizani anapakia faili la Excel lenye jina la mkulima, kilo, daraja na namba ya akaunti, halafu programu inatoa risiti na orodha ya malipo.

Juzi nimeendesha npm audit, amri ya kukagua usalama wa maktaba za Node.js, kwa mara ya kwanza. Matundu 38 ya usalama, yote kwenye maktaba, yaani misimbo ya watu wengine niliyoitegemea, na moja limeandikwa hatari kubwa kabisa, la minimist. Nikaingiwa na hofu, nikapiga npm audit fix --force kama nilivyoona kwenye video. Ilipomaliza, ukurasa wa risiti ukabaki mweupe pe. Nimerudisha msimbo wa zamani kutoka Git, inakotunzwa historia ya msimbo, na data haikuguswa, ila silali vizuri. Humo mna akaunti za wazee waliohangaika na mikorosho mwaka mzima, na msimu ndio huo unakaribia. Nifanyeje? Intaneti yangu ni ya bando.

FundiSeva:
Pole mkuu. Hiyo --force usiirudie. Inairuhusu npm kuruka hadi toleo kubwa lingine la maktaba hata kama haliendani na msimbo wako. Anza na npm audit fix peke yake, kisha npm audit --omit=dev. Ya pili inaweka kando zana za kujengea programu, unabaki na zile zinazofanya kazi kwenye seva. Tuletee matokeo.

Mwananewala:
Ahsante mkuu. Zimebaki 6. minimist haipo tena kwenye orodha. Inayonisumbua ni xlsx 0.18.5, maktaba inayosoma mafaili ya Excel: hatari kubwa, na pembeni inasema hakuna marekebisho.

BintiMikindani:
Kaka, hiyo xlsx ndiyo ya kuanza nayo, hata kabla ya minimist iliyokutisha.

Tundu lake ni CVE-2023-30533 (CVE ni namba ya utambulisho ya tundu lililotangazwa). Mtu akitengeneza faili la Excel kwa hila, maktaba ikilisoma, faili linaweza kupenyeza sifa ngeni kwenye umbo mama ambalo vitu vingine vya JavaScript vinarithi. Programu inayoandika Excel tu haiathiriki. Yako inasoma mafaili ya watu kila siku ya msimu. minimist yako inaelekea ililetwa na zana unayoiendesha mwenyewe kwenye laptopu. Karani hafiki huko. Kwa hiyo usitishwe na idadi. Fuata njia: mtu wa nje analeta nini, na kinasomwa na maktaba ipi? Andika npm ls na jina la maktaba, utaona imeletwa na nani.

Halafu marekebisho yapo. Hilo lilizibwa toleo 0.19.3, na lingine, CVE-2024-22363, likazibwa 0.20.2. Ila wenye maktaba waliacha kupeleka matoleo mapya kwenye ghala la npm, wanayatoa kwenye tovuti yao. npm inachungulia ghala lake, haioni kitu, inakujibu hakuna. Weka hivi:

npm install https://cdn.sheetjs.com/xlsx-0.20.3/xlsx-0.20.3.tgz

Jaribu kwenye nakala kwanza, tafadhali, si kwenye seva ya chama.

Mzee_wa_Terminal:
Nakubaliana na binti, ila zana za kujengea zisisahaulike kabisa. Zinaendeshwa kwenye laptopu yenye funguo za seva yako. Mwaka 2018 maktaba ya event-stream iliingiziwa msimbo wa kuiba bitcoin kupitia flatmap-stream, na skana (zana ya kukagua matundu, kama npm audit) isingekwambia lolote mpaka mtu aliporipoti. Skana inajua yaliyokwisha kuripotiwa tu.

Ndiyo maana kuskani mara moja hakutoshi. Tundu la Log4j, maktaba ya Java, lilitangazwa Desemba 2021, wakati lilikuwemo tangu 2013. Msimbo haukubadilika, watu ndio walijua.

FundiSeva:
Kuhusu bando: npm audit --package-lock-only inatosha, haihitaji kushusha maktaba zenyewe. OSV-Scanner ya Google nayo inasoma package-lock.json (faili linaloorodhesha maktaba na matoleo yake) moja kwa moja, na composer.lock kwa wanaotumia PHP. Kama msimbo uko GitHub, washa Dependabot, ni bure, itakutumia taarifa tundu jipya likitangazwa.

Mwananewala:
Mrejesho. Nimeweka 0.20.3 kwenye nakala, nikapitisha faili la korosho za msimu uliopita, kisha nikakaa na karani tukilinganisha risiti moja moja, mpya na ya zamani. Kilo zimelingana zote, hadi zile za nusu. Ukurasa wa risiti unafunguka. Dependabot nimeiwasha.

Kesho namfuata katibu aniruhusu kuzima mfumo usiku niihamishie kwenye seva. Zile 5 zilizobaki nitazipitia moja moja kwa npm ls, nikikwama nitaweka hapa. BintiMikindani, ahsante sana dada yangu.