Yaya, dada yangu mkubwa, amepatikana na jeni ya saratani ya titi. Na mimi nipimwe?

MamaFuraha_Kadutu
Salamu kwenu. Nashona nguo hapa Kadutu, Bukavu, nina miaka 36. Yaya wangu anaishi Ubelgiji. Mwezi wa tatu aliugua saratani ya titi, wakapima damu yake, wakaona kasoro kwenye jeni ya BRCA1. Akanipigia simu usiku: "Mdogo wangu, kila mmoja wetu, kuirithi ni nusu kwa nusu."

Tangu siku hiyo, nikioga mkono unakwenda wenyewe kwenye titi. Naminya hadi panauma, halafu maumivu hayo ndiyo yananitisha. Nikimpima mteja kifua, namkumbuka mama. Binti yangu ana miaka 14, juzi kaomba sidiria yake ya kwanza. Niliishona nikilia.

Lakini linalonichoma zaidi ni lingine. Mama alifariki 2009 akiwa na miaka 41, kwa titi hilo hilo, na bibi mzaa mama alikwenda vilevile. Ukoo ulisema ni karuho, ile sumu ya kulishwa kwa siri. Wakamtaja shangazi, dada ya baba, wakamfukuza kwenye matanga. Na mimi sijamsalimu miaka yote hii.

Yaya yuko tayari kunilipia kipimo. Naogopa "unayo". Naogopa pia "huna", maana yeye anaumwa. Nani amepitia hapa?

Muuguzi_Goma
Pole sana mama. Kuwa na kasoro hiyo ya jeni si kuwa na saratani. Kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, kama 70 hupata saratani ya titi kabla ya kufikisha miaka 80, na ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, nazo ziko hatarini. Kwa kuwa kasoro ya yaya inajulikana, kwako watatafuta hiyo hiyo. Wasipoiona, hatari yako ni kama ya mwanamke mwingine. Kaka zako wajue pia, mwanaume huibeba na kurithisha. Binti mwache akue, ataamua mwenyewe. Na kabla hujatoa damu, uliza: nikiwa nayo, picha za matiti za kila mwaka nitapigwa wapi?

Dada_Lubumbashi
Mimi nilipimiwa Johannesburg. Dada yangu anayo, mimi sina. Nyumbani walileta soda, wakaimba. Nikajifungia chooni nikalia. Sikuweza kumtazama dada machoni mpaka alipokuja mwenyewe kunishika mkono. Usiende kuchukua jibu peke yako, nakusihi.

Papa_Ibanda
Mama, shangazi asingoje damu yako. Mwendee kesho.

MamaFuraha_Kadutu
Nimetoka kwake, Bagira. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, hata jina la jeni. Akanyamaza sana, mikono ikiendelea kuchambua. Kisha akauliza: "Na wewe, umekwisha kupimwa?" Nikasema bado. "Siku ya jibu, upitie hapa kwanza."

Nimemwandikia yaya kwamba nitapimwa.