Ferrari iliyoua dereva ikajengwa upya: bado ni gari lile lile?

Mleta mada

Wakuu, heshima zenu. Juzi nilibishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa, kisa gari ambalo sote wawili hatutaligusa maishani. Naleta hapa mtukatie shauri.

Gari lenyewe ni Ferrari 250 GTO, chasisi namba 3851GT. Kwa asiyezijua GTO: kati ya 1962 na 1964 Ferrari ilitengeneza 36 tu za injini ya lita 3, silinda 12. Kanuni za FIA, shirika linalosimamia mbio za magari duniani, zilitaka gari la daraja lake la mashindano liwe limetengenezwa angalau mara 100. Enzo Ferrari akapenya kwa hoja kwamba hili si gari jipya, ni 250 GT ile ile iliyovalishwa bodi nyingine. Yaani hata kuzaliwa kwake kulianza na ubishi huu huu wetu.

Septemba 1962 gari hili lilikabidhiwa Mfaransa Jo Schlesser. Siku chache baadaye akaingia nalo Tour de France ya magari, akipokezana usukani na Henri Oreiller, wakamaliza wa pili. Oreiller hakuwa dereva tu. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1948 kule St. Moritz alizoa dhahabu mbili na shaba moja kwa kuteleza kwenye theluji. Tarehe 7 Oktoba 1962, akiwa na miaka 36, alipata ajali na gari hili kwenye uwanja wa Montlhéry, kusini mwa Paris, akafariki.

Gari likarudi Italia, likatengenezwa, likauzwa kwa Paolo Colombo aliyelikimbiza kwenye mashindano ya kupanda milima. Baada yake akaja Ernesto Prinoth, naye wa milima vile vile. Mwaka 1965 likaangukia mikononi mwa kijana Fabrizio Violati, na huyo hakuliachia tena mpaka alipofariki 2010. Aliliweka kwenye makumbusho yake San Marino, na kwenye mbio za magari ya kale alilitoa akalikimbiza. Tarehe 14 Agosti 2014 likapigwa mnada California: dola 38,115,000. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika bei hiyo mnadani.

Jamaa yangu anasema gari la Schlesser na Oreiller lilikufa Montlhéry, na lililouzwa California ni jingine lililorithi namba. Mimi nasema ni lile lile. Semeni.

Fundi wa Gerezani

Umeruka swali lenyewe, mkuu: chasisi ilinyooshwa au ilibadilishwa? Gari likija gereji limegonga, nikanyoosha bodi, nikafunga mlango wa gari jingine na kupiga rangi, mwenyewe analichukua akijua ni lake. Injini ikibadilishwa unakwenda kurekebisha kadi, basi. Lakini ukikata kile kipande chenye namba ukakichomelea kwenye chasisi nyingine, hapo hatuongelei ufundi tena, tunaongelea polisi.

Halafu mjue bodi zile zilivyotengenezwa. Pale kwa Scaglietti, Modena, alumini nyembamba iligongwa kwa nyundo, gari moja moja. Ukizipanga GTO mbili ukapima kwa utepe, hazilingani sawasawa. Gari la mashindano la enzi hizo liligongwa Jumapili, likanyooshwa, Jumapili ya pili liko uwanjani. Anayedai bodi isiyoguswa amezoea magari ya kutoka bandarini yenye kilomita elfu thelathini za uongo.

Yule jamaa wa chai

Nimeona nimetajwa, nikaona nije mwenyewe.

Fundi, gari la kwenda nalo kazini na gari la dola milioni 38 havipimwi kwa mizani moja. Gari la kazini nikilipia nalipia matumizi. Huyu wa California halipii matumizi, analipia kukaa pale alipokaa Oreiller. Sasa kama kiti ni kingine, na bati lililokuwa mbele yake ni jingine, amenunua nini?

Na jambo la pili hamtalipenda. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilitambua umbo la 250 GTO kuwa ni kazi ya sanaa, ikaizuia kampuni moja ya Modena iliyotaka kutengeneza nakala zake. Kwa nini izuiwe? Kwa sababu nakala inawezekana. Mafundi wapo, alumini ipo, vipimo vipo. Ukinipa fedha ya kutosha nitakuletea GTO ambayo hata Fundi wa Gerezani hataitofautisha. Tofauti pekee iliyobaki kati ya nakala na ile ya 1962 ni kwamba chuma kile kilikuwepo. Mkisema chuma si kitu, basi nakala nazo ziiteni GTO tumalize.

Mwana wa Pemba

Kaka, hapo kwenye chuma umesema vyema, ila ngoja nikupeleke pwani kidogo. Kwetu jahazi huishi kuliko aliyeliunda. Ubao ukioza hutolewa, hutiwa mwingine, likapigwa kalafati, likarudi majini. Miaka inakwenda, mwisho hakuna hata ubao mmoja aliougusa mwenyewe wa kwanza. Jina liko pale pale, na ukoo unaolimiliki ni ule ule. Hujapata kusikia mtu akidai ati hilo si jahazi la babu yake.

Ila mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Mkuku ukivunjika, wazee hukaa kimya kwanza. Wengine husema unaweza kuungwa, wengine husema undeni jipya mlipe jina jipya. Kwa hiyo mimi naona fundi na kaka wa chai mnauliza neno moja kwa ndimi mbili: mkuku wa gari ni upi?

Wakili wa mitaa ya kati

Swali la ndugu wa Pemba lilishafika mahakamani, London, 1990. Gari lilikuwa Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 1929 na 1930. Nayo iliua: mwaka 1932 dereva Clive Dunfee alikufa nayo kwenye uwanja wa Brooklands, Uingereza, wakati ule ikiwa imeshafungwa injini nyingine kubwa zaidi. Baada ya ajali ikavalishwa bodi tofauti kabisa. Miaka ikapita, mtu akakubali kuinunua kwa takriban pauni milioni 10, kisha akagoma kulipa akidai hii siyo Old Number One.

Jaji Otton alikubali kwamba vipande vya 1929 vilivyobaki ni vichache mno. Lakini akasema gari lile halikuwahi kutoweka ili lizaliwe jingine. Lilibadilika kidogo kidogo huku likijulikana ni lile, na hakuna gari jingine duniani lenye haki ya kudai jina hilo. Mnunuzi akashindwa.

Angalieni na upande wa pili. Kuna Ferrari 375 Plus ya 1954, chasisi 0384AM. Iliibwa Ohio miaka ya 1980, ikaibukia Ubelgiji kwa Jacques Swaters, wakala wa Ferrari, akaijenga upya. Familia ya Ohio ilibaki na baadhi ya vipuri na madai yao. Huku kuna gari, kule kuna haki. Walivutana miaka na miaka mpaka wakakubaliana iuzwe mnadani Goodwood, Uingereza, Juni 2014, kwa pauni zaidi ya milioni 10, na hata baada ya hapo kesi hazikuisha. Hakuna aliyebisha kwamba ni gari lenyewe. Walichogombea ni nani anayeruhusiwa kuliuza. Kwa hiyo mkuku kwa macho ya sheria ni ule mnyororo: kutoka mkono upi kwenda mkono upi. Wa 3851GT hauna pengo hata moja.

Mzee wa Nakuru

Nyinyi mnasumbuka bure. Mwaka 1975 magari ya Lancia Stratos yalikuja Safari Rally. Sandro Munari akawa wa pili, Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Gari la Safari likifika kwa mafundi wake njiani lilikuwa linafunguliwa hapo hapo kwenye vumbi: giaboksi, springi, taa, chochote kilichochoka. Lililofika mwisho halikuwa na vitu vingi vya lile lililoanza, na hakuna mtu alisema Munari amebadilisha gari. Gari la mashindano limeumbwa liliwe.

Yule jamaa wa chai

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenibana, nakubali. Lakini la Safari lilibadilishwa na dereva akiwa hai anasubiri kuendelea. Wakili naye amenipa sheria, mimi nimeuliza kiti.

Mleta mada

Haya, tuongee kiti. Oreiller na Schlesser walikuwa na gari hili kwa muda usiofika mwezi mmoja. Colombo na Prinoth, misimu yao miwili mitatu. Violati alikaa nalo miaka 45. Tuseme nikuachie kila kitu, kwamba Montlhéry haikubaki hata skrubu moja. Bado usukani umesuguliwa na kiganja cha mtu mmoja tangu 1965. Unatafuta alama za mwezi mmoja, unapita juu ya alama za miaka 45. Kama kuna mtu aliyelifanya gari hili kuwa lenyewe, ni huyo Mwitaliano aliyekataa kuliuza wakati kila mwenye GTO alikuwa anauza.

Yule jamaa wa chai

Sawa. Basi siku wakiliuza tena waandike "gari la Violati" peke yake. Wasimtaje Oreiller, wasitaje Tour de France, wasitaje Montlhéry. Likifika dola milioni 38, chai ya mwaka mzima juu yangu.

Mleta mada

Hilo dau silichukui.