Nulla osta na ubalozi wa Papa: aliye Ghuba anisaidie

Muuguzi, Maskati:
Tumsifu Yesu Kristo. Ndoa yetu ni baada ya Pasaka, hapo kanisa la Petro na Paulo, Ruwi. Karatasi ya RITA, wakala wa usajili wa serikali ya Tanzania, ninayo. Paroko anataka cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi sita, pamoja na nulla osta, yaani barua ya Kanisa kwamba sina kizuizi cha ndoa. Nikipiga simu parokia ya nyumbani naambiwa nitume ndugu. Ndugu akienda, paroko hayupo. Mwenzangu kazini ananishauri niandikie ubalozi wa Papa. Je, nunsio, yaani balozi wa Papa, anaweza kuwasukuma watu wa parokia? Wa huku au wa Dar?

Fundi, Abu Dhabi:
Milele amina, dada. Oman na Vatikani wana uhusiano tangu Februari 2023, na huku kwetu ubalozi ulifunguliwa 2022. Ila faili langu la ndoa halikufika huko kabisa, lilipitia vikarieti, ofisi ya askofu wa huku. Mimi kilichonichelewesha ni kipaimara, kitabu kilikuwa kimeliwa na mchwa, ikabidi msimamizi wangu aandike ushuhuda.

Mzee, Houston:
Msimzungushe binti. Nunsio ni balozi kwa serikali na ni mjumbe wa Papa kwa maaskofu. Jimbo likibaki wazi, yeye ndiye anayeulizia watu kwa siri na kupeleka majina Roma. Hatoi vyeti. Ndoa yako itaandikwa kwenye kitabu kilekile cha ubatizo, ndiyo maana cheti cha zamani hakikubaliki: wanataka kuona kama huna ndoa nyingine. Mwandikie kansela wa jimbo, yule anayetunza nyaraka za jimbo, achana na katibu wa parokia. Hata yule nunsio wetu, Rugambwa wa Tabora, angekwambia hivyo.

Mama, Roma:
Shikamoo mzee, lakini hapo umechanganya. Rugambwa wa Tabora ni Kardinali Protase. Nunsio alikuwa Novatus Rugambwa, mwana wa Bukoba: alitumwa Angola, Honduras, New Zealand. Amefariki Septemba 2025. Wala hao wawili si Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali 1960. Tuwatendee haki watu wetu.

Mzee, Houston:
Marahaba. La kansela liko palepale.

Mrundi, Brussels:
Ndugu, mnaongea kana kwamba nunsio ni mtu wa mihuri tu. Kwetu nunsio Michael Courtney, Mwailandi, alipigwa risasi barabarani Minago, tarehe 29 Desemba 2003, akiwa anahangaikia amani kati ya serikali na waasi. Angeweza kukaa Bujumbura ndani ya ukuta wake. Kila Desemba tunamwombea huku, na mimi bado naumia.

Fundi, Abu Dhabi:
Apumzike kwa amani. Krismasi ndiyo inayonimaliza. Huku Misa zimejaa, Ijumaa watu wanasimama hadi nje, lakini jumuiya yetu ya kule nyumbani ingekuwa imeshachanga mchele na mbuzi, na kwaya iko mazoezini hadi usiku.

Mama, Roma:
Na viongozi wetu wakija huku ni picha na Papa, basi. Kijana aliyenyang'anywa pasipoti na mwajiri haulizwi habari.

Muuguzi, Maskati:
Asanteni wote. Nitamwandikia kansela leo. Lakini paroko akiwa hayupo, paroko msaidizi anaruhusiwa kusaini cheti? Na nulla osta wanaituma wao moja kwa moja huku, au anapewa ndugu?

Mrundi, Brussels:
Mama, hilo la pasipoti liandikie uzi wake. Ninao vijana watatu wa namna hiyo hapa.