Maharage yana vumbi la kutu kwenye majani na yanapukutika, nipige dawa gani?

bustani_ya_uani
Wakuu habari za mchana. Niko Tukuyu, nina kabustani nyuma ya nyumba nimepanda maharage ya njano, mbegu nilinunua sokoni tu kwa wale mama wanaopima kwa sado. Yalitoka vizuri yakanawiri kweli, sasa yameanza maua na mvua ya huku mnaijua, asubuhi ukungu mchana manyunyu, basi majani ya chini yamejaa vidoa vya kahawia yanageuka njano yanadondoka, na naona inapanda juu. Dukani walinipa dawa nimepiga ila sioni mabadiliko yoyote. Jirani mmoja anasema niweke majivu mwingine anasema magadi. Halafu sisi huwa tunachuma majani machanga tunapika mboga, je bado ni salama? Msaada wakuu kabla hayajaisha yote.

Mzee wa Jembe
Ndugu kabla ya dawa tujue kwanza maharage yanaumwa nini, maana madoa ya maharage siyo ugonjwa mmoja. Chuma jani lenye madoa ligeuze, pitisha kidole kwa chini. Kidole kikitoka na unga wa kahawia hiyo ni kutu. Kama hakuna unga ila madoa yana konakona, yaani yameishia kwenye mishipa ya jani, na chini yake ni kijivukijivu, hiyo madoapembe. Kama mishipa yenyewe ya chini ya jani imekuwa myekundu kwenda nyeusi na maganda yana vidonda vilivyobonyea, hiyo chule. Na kama jani limeungua mabaka makubwa yenye ukingo wa njano basi mara nyingi ni bakteria, hapo dawa ya ukungu ya kawaida utapiga mpaka bomba lichakae.

Na hiyo dawa uliyopewa soma lebo, imeandikwa inaua nini?

bustani_ya_uani
Mzee shikamoo. Nimefanya ulivyosema, kidole kimetoka na unga wa kahawia kabisa. Ila kuna majani mengine hayana unga, yana hayo madoa ya kona. Na dawa... ni ya wadudu 😩 imeandikwa vidukari na funza wa maganda.

Mzee wa Jembe
Marahaba. Basi una mawili, kutu na madoapembe, na kwa mvua za huko ni kawaida kukuta yote kwenye shina moja. Dawa ya wadudu haigusi ukungu hata ukimwaga chupa nzima, hilo maduka mengi hawamwambii mtu, ukisema tu "maharage yanaumwa" unapewa kilicho karibu na mkono.

Sasa omba dawa ya ukungu kwa jina la kiambato, useme mankozebu au klorothalonili, usiombe kwa rangi ya pakiti. Hakikisha lebo inataja maharage na ina namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Ila uelewe kitu kimoja, hizo ni za kukinga. Zinaua mbegu za ukungu zinapotua juu ya jani kabla hazijaingia ndani, jani lililokwisha kuota madoa litabaki na madoa yake, kwa hiyo ukipiga leo kesho usije kulalamika hapa kwamba haifanyi kazi, wewe angalia majani mapya yanayotoka kama ni masafi. Kutu ikishatua kwenye jani bichi lililolowa inachukua kama wiki mbili hivi kutoa unga mwingine, ndiyo maana unarudia kila siku 7 mpaka 10 kipindi cha mvua na siyo mara moja ukalala. Piga asubuhi umande ukishakauka, na bomba lielekee chini ya jani maana unga mwingi uko kule, watu wengi wanaosha juu tu.

Lingine la bure kabisa: usiingie kwenye maharage yakiwa na maji. Kupalilia au kuchuma na umande unautembeza ugonjwa mwenyewe kwa mikono na nguo.

MamaSamweli
Naongezea kwenye majivu na magadi. Majivu yanasaidia saidia kwa vidukari, kwa kutu hapana. Magadi na maziwa watu wanatumia kwenye ubwiriunga, ule mweupe kama umemwagiwa unga wa sembe, na huo siyo wako. Mimi kwenye eneo dogo kama hilo ningeanza na mkono, chuma majani yote ya chini yenye madoa weka kwenye mfuko uyachome au uyafukie mbali, usiyaache chini ya shina na usiyatupe kwenye mboji. Na kama yamebanana punguza, upepo upite. Sisi tunapanda sentimita 50 mstari kwa mstari na 20 shina kwa shina mbegu mbili kila shimo, lakini bustani za nyumbani utakuta mtu amemwaga kama mchicha.

Mboga ya majani ACHA kabisa msimu huu. Umeshapiga ya wadudu unataka kupiga ya ukungu, na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo wamehesabia maganda na maharage, siyo majani ya kwenda chunguni.

kijana_wa_Mwea
Boss mimi niko Kirinyaga, Kenya, huku tunalima mishiri, yale maharagwe ya kuliwa na maganda yake mabichi, ya kupeleka ng'ambo, kutu ndio adui namba moja kwetu. Mzee amesema poa lakini sikubaliani na yeye kwa kitu kimoja, kama maganda yashajaa usipoteze pesa kwa dawa, hapo wacha yakomae uvune. Dawa ina maana kabla ya maua mpaka maganda machanga, baada ya hapo ni hasara tu. Pia mankozebu Ulaya walikataa kuiongezea kibali 2020, sisi huku ukiipiga mzigo unarudishwa, kwa hivyo tunatumia zingine zile zinaingia ndani ya mmea kama tebukonazoli. Hizo zinashika vizuri lakini usipige hiyo moja msimu wote, ukungu unazoea, badilisha na ya aina ingine.

Mzee wa Jembe
Sawa kijana, ila yeye yuko kwenye maua sasa hivi, kwa hiyo bado inalipa.

bustani_ya_uani
Asanteni sana jamani. Maswali mawili ya mwisho. Nikivuna hizi naweza kutunza mbegu? Na kibomba changu ni kile kidogo cha mkono cha lita mbili, pakiti inasema gramu 50 kwa lita 20, napimaje?

kijana_wa_Mwea
Mbegu usitunze. Kutu yenyewe haisafiri na mbegu, inabaki kwa mabaki na kwa maharagwe yanajiotea shambani, lakini madoapembe na chule zinaingia mpaka kwa mbegu. Kula zote.

MamaSamweli
Na TARI Uyole, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo pale Mbeya, siyo mbali na wewe, wao ndiyo wanaozalisha aina za maharage za nyanda za juu, waulize ipi inavumilia kutu kwa sasa. Usikariri jina la miaka iliyopita maana kutu ina makabila mengi, aina inayosimama kwa jirani inaweza kuanguka kwako. Kama mbegu ya dukani ni ghali ulizia za QDS, yaani mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, kwa afisa ugani wa kata. Hapo ulipopanda msimu ujao weka mahindi, maharage yasirudi mapema.

Mzee wa Jembe
Gramu 50 kwa lita 20 ni gramu mbili na nusu kwa lita, kwa hiyo kibomba chako ni gramu 5. Usipime kwa kijiko cha chai kwa kukadiria, nenda kwenye duka lenye mzani mdogo wa vito au wa viungo wakupimie kwenye vikaratasi vya tano tano. Vaa glavu na barakoa, na hicho kibomba kisirudi kunyunyizia mchicha.