Mjadala: Dogo wa Nkuhungu aiachie lebo masta yake moja kwa moja, au akatae?

Wakuu habari za jioni. Hii ishu imenikaa kooni wiki nzima, na najua kuna maprodyuza wengi, madj, wanasheria na watu waliowahi kusaini wakaumia, kwa iyo naomba tuijadili kwa uzito wake.

Kuna dogo hapa Nkuhungu, Dodoma, jina simtaji, anapiga bit za hausi, ule muziki wa dansi wa klabu, kwenye laptop ya mtumba, chumba kimoja, godoro limesukumwa ukutani ili spika zipate pa kukaa. Mwaka jana alienda Mvumi kwa babu yake akamrekodi kwa simu tu akipiga ilimba, ile ala ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, akarudi mjini akaiwekea kiki ya hausi chini, akaipandisha mtandaoni. Ngoma ikaanza kupigwa kwenye malaunji ya Area D, wanaoijua wanajua. Wiki iliyopita lebo moja huru ya nje ikamtumia mkataba kwa imeili. Wanampa dola 300, mapato watagawana nusu kwa nusu gharama zao zikisharudi, na masta, yaani rekodi yenyewe ya ngoma, inakuwa ya lebo, dunia nzima, kwa muda wote ambao hakimiliki itakuwa hai. Mama yake anasema saini mwanangu, hiyo ni ada ya mdogo wako. Washikaji zake nusu wanasema saini nusu wanasema usithubutu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri: lebo aingie nayo, ila masta asiuze. Aikodishe kwa miaka inayohesabika, ikiisha irudi nyumbani.

Kinachonisumbua ni hili neno "huru". Kila ninayemwambia ananijibu ah hiyo sio kampuni kubwa, ni lebo huru, wale ni wapenda muziki kama sisi. Jamani hausi yenyewe ilizaliwa kwenye lebo huru, na wanyonge wa kwanza wa hausi walinyongwa na lebo hizohizo huru. Ngoja niwape hadithi yenyewe maana vijana wengi wanacheza huu muziki hawajui ulikotoka.

Chicago, mwaka 1977, Frankie Knuckles anaanza kupiga santuri kwenye klabu inaitwa Warehouse, wateja wengi ni vijana weusi na walatino, na jina la hausi linasemekana limetoka hapohapo kwenye jina la klabu. Miaka michache mbele madogo wakaanza kutengeneza za kwao majumbani kwa mashine za bei chee. Kuna mashine ya besi ya Roland, TB-303, ilitengenezwa ili impigie besi mwanamuziki asiye na mpiga besi, sokoni ikabuma, ikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Watoto wa Chicago wakaiokota, wakaizungusha vitufe mpaka ikalia sauti ambayo hata walioitengeneza hawakuitegemea, na kundi la Phuture likatoa nayo ngoma ya dakika zaidi ya 10 ikazaa tawi zima linaitwa acid house. Mtu akinidharau laptop ya mtumba ya huyu dogo namkumbusha hiyo mashine.

Sasa santuri hizo zilitolewa na nani? Sana sana lebo mbili za palepale, DJ International ya Rocky Jones na Trax Records iliyoanza 1984. Trax ilikuwa na Larry Sherman, na Sherman alikuwa na kitu ambacho hakuna dogo yeyote alikuwa nacho: kiwanda cha kutengenezea santuri. Unamaliza ngoma Jumatatu, wikiendi inaweza kuwa mikononi mwa madj. Kwenye hili simtukani hata kidogo, bila kile kiwanda nusu ya hausi ya mwanzo ingefia kwenye kaseti. Ila santuri za Trax zilisifika kwa ubovu, zinakwaruza, maana walikuwa wanasaga santuri za zamani ambazo hazikuuzika wanayeyusha wanatengenezea mpya. Na mikataba ndo ilikuwa mibovu kuliko santuri. Wengi walikuwa vijana tu, wanapewa hela kidogo mkononi, wanasaini karatasi, wanaondoka na furaha. Muziki ukavuka bahari, Uingereza ikachizika nao kuanzia 1986 na 1987, lebo kubwa za London zikanunua haki za kuutoa kule, na waliotunga wakawa wanasimulia kwa miongo kwamba mirabaha hawajaiona.

Larry Heard, prodyuza wa hausi wa Chicago, ndo mfano ninaoupenda na unaoniuma. Huyu kazi zake za miaka hiyo ya katikati ya 80 madj wanapiga mpaka leo, na ngoma yake ya 1986 aliyoitoa kwa jina la Mr. Fingers ilitokea Trax. Mwaka 2020 yeye na mwimbaji Robert Owens wakaenda mahakamani kuidai hiyo lebo. 2022 wakamalizana, haki zao zikarudi. Hesabuni wenyewe, kutoka 1986 mpaka 2022. Mtu kaingia kijana katoka mzee. Na mwaka huohuo 2022 wasanii wengine zaidi ya kumi, Marshall Jefferson akiwemo, nao wakafungua kesi yao dhidi ya lebo hiyohiyo. Sherman mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 2020.

Hapo ndo nasema uhuru wa lebo unaupima kwenye karatasi, kwa muda wa mkataba na kwa nani anashika masta. Ofisi kuwa ndogo na bosi kuwa mshikaji haikusaidii kitu siku mmegombana.

Mimi mwenyewe yamenikuta, sio ya kuhadithiwa. 2017 nilitoa ngoma mbili na lebo moja ya Dar, jina halina haja. Yule bosi tulikuwa tunakula naye sahani moja, mkataba nikausaini Jamatini juu ya boneti ya gari nikiwahi basi, kurasa nne za kiingereza, nimesoma ya kwanza tu. Lebo ikafa baada ya mwaka, bosi akahamia biashara nyingine, namba haipatikani. Leo nikijaribu kupandisha ngoma yangu mwenyewe inashushwa, mfumo unaniambia ina mwenyewe. Sauti yangu, bit nimepiga mimi usiku kucha umeme ukikatika nikisubiri urudi, alafu naambiwa ina mwenyewe. Nilikaa kitandani nikalia, sioni aibu kusema.

Niliandika hayo juzi jioni, watu wamejibu, ngoja niwajibu hapahapa.

Kuna mkuu kasema mambo ya Chicago hayatuhusu, Dodoma hatuna soko, bila lebo ya nje dogo atabaki kupigwa Area D mpaka azeeke. Nakubali nusu. Na mfano ninao hapa nyumbani, marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huuhuu. Ilimba na zeze vilifika duniani sana kupitia Real World, lebo huru ya Uingereza aliyoianzisha Peter Gabriel mwaka 1989. Albamu ya Chibite ilitoka huko 1996, na 2002 akatoa nyingine na mpiga gitaa Michael Brook ambayo ilichanganya sauti ya Kigogo na vyombo vya umeme, yaani kile anachofanya dogo leo kilishafanywa zamani na mzee. Mzee alifariki mwishoni mwa 2003, lakini 2024 wakinamama wa ukoo huohuo, Pendo na Leah Zawose, wametoa albamu yao kwenye lebo ileile. Singeli nayo, ile lebo ya Kampala ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar mwaka 2017 na madogo wa uswahilini wakaanza kuitwa matamasha ya Ulaya. Kwa iyo sisemi lebo ni shetani. Lebo ina masikio ya watu ambao wewe huwafahamu, ina mtu wa kuongea na madj, ina fundi wa kusafisha sauti. Hiyo kazi ina thamani na ilipwe. Ila ilipwe kwa miaka mitano, saba, hata kumi. Mwenye duka Majengo akitaka fremu yako mnaandikiana miaka, hakuna anayekwambia nipe na kiwanja.

Mwingine kasema lebo imeweka hela, anayeweka hela ndo mwenye mali. Mkuu, hela ipi? Dola 300? Ngoma ilikuja imekamilika, studio hawajalipia, video hawajalipia. Ingekuwa wamemlipia studio miezi sita wamempangishia nyumba ningekuelewa, na hata hapo kuna njia, wakae nayo muda mrefu zaidi mpaka gharama irudi na faida juu. Wale wanaowekeza kweli hawaogopi tarehe ya mwisho.

Kuna dada kaandika kitu cha sheria na kanifungua macho, nakirudia kwa maneno yangu. Marekani sheria yao ya hakimiliki ya 1976 ina kipengele kwamba mtunzi aliyegawa haki zake kuanzia 1978 anaweza kuzidai zirudi baada ya miaka 35, mradi kazi haikufanywa kwa ajira. Yaani wenyewe wameona kijana wa miaka 20 hajui thamani ya anachosaini, wakamwekea mlango wa nyuma. Huku kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile iliyoizaa COSOTA, taasisi yetu ya hakimiliki, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Piga hesabu, dogo ana miaka 21. Akisaini "muda wote wa hakimiliki" na Mungu akimjalia afike 70, atazeeka masta bado iko kwa watu. Kwa iyo mlango wa nyuma auandike mwenyewe kwenye mkataba, asiingoje sheria.

Wapo waliosema apandishe mwenyewe tu, siku hizi kuna kampuni za kusambaza, unalipia kidogo kwa mwaka ngoma iko kila mahali. Sawa, inawezekana, na hata Larry Heard alikuwa na lebo yake mwenyewe, Alleviated, tangu miaka hiyohiyo ya 80. Black Coffee naye wa Afrika Kusini alianzisha Soulistic yake 2005, 2022 akachukua Grammy ya albamu ya dansi. Ila kupandisha sio kusikika, na huyu dogo bando lenyewe anaungaunga.

Swali lililonikalisha kimya ni la mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, kauliza maneno manne tu: "Na babu wa ilimba?" Nimesoma nikaweka simu chini. Ni kweli. Tunapiga kelele lebo isimnyonye dogo, na dogo mwenyewe kamrekodi babu kwa simu, kampelekea sukari kilo mbili na sabuni, basi. Sheria hiyohiyo ya 1999 inamlinda na mpigaji, sio mtunzi tu. Kama mkataba unasema dogo anathibitisha haki zote ni zake, na kweli unasema nimeuangalia kifungu cha sita, basi akisaini leo anasaini uongo. Jana jioni nimempigia dogo nikamwambia, akanyamaza muda, alafu akasema "kaka kwani babu atanishitaki?" Nikamwambia hatakushitaki, ndo maana inabidi umwandikie. Chicago pia wengi hawakushitaki kwa sababu walikuwa wanaaminiana.

Basi tumekubaliana hivi. Jumamosi tunapanda basi la Mvumi, mimi na yeye, tunaandika karatasi moja ya kiswahili kwamba babu anapata robo ya chochote kitakachoingia na jina lake linatajwa kila ngoma inapotajwa, anaweka dole gumba mbele ya balozi wa nyumba kumi. Na kwa lebo tumejibu leo mchana, dogo ameandika mimi nimesahihisha: dola 300 anazipokea, nusu kwa nusu sawa, lakini masta wakae nayo miaka saba, gharama zao wazionyeshe kwa maandishi kila miezi sita, na lebo ikifungwa au wasipotoa ngoma ndani ya mwaka haki zinarudi siku hiyohiyo. Kifungu cha sita kirekebishwe babu aingie.

Mama yake hajafurahi. Kaniambia kwa upole kabisa kwamba mwanangu nikimharibia hii nafasi ada nitalipa mimi. Nimemwitikia nimesikia mama, na nimemaanisha, wakikataa ntachangia.

Wenye mkataba wowote wa lebo wa miaka ya karibuni, hata wa singeli hata wa bongo fleva, nifichieni majina mniwekee hapa kile kifungu cha muda tu, nataka kuona wengine wamepata miaka mingapi. Lebo wakijibu nami ntaweka jibu lao.