Nimewekwa kwenye lishe ya kandida, nimeishiwa cha kupika. Naombeni mawazo

Njaa_ya_Saa_Nne

Habari zenu wakuu.

Fangasi za ukeni zimekuwa zikinirudia tangu nilipomaliza antibaotiki za jino. Juu yake tumbo linajaa gesi na mwili hauna nguvu. Nilienda kwa mshauri mmoja wa lishe, akasema kandida (aina ya fangasi) imetapakaa mwilini, akanikabidhi karatasi ya miiko. Sukari ya aina yoyote hakuna, na asali imehesabiwa humo humo. Matunda hakuna. Ngano, mahindi, wali, viazi, hakuna. Hamira, uyoga, karanga, jibini, siki (isipokuwa ya tufaha), sosi ya soya, kahawa na pombe, vyote nje. Maziwa hapana, ila mtindi usio na sukari ruksa.

Sasa mimi napika mayai, kesho kuku na kabichi, keshokutwa narudi kwenye mayai. Nikifungua friji nahisi yananitazama.

Naomba msaada kwenye haya: kifungua kinywa kisicho na yai, chakula cha kubeba kazini (hakuna pa kupashia moto), kitu chochote kinachofanana na mkate, na namna ya kupika bila kuweka sufuria mbili, maana mume na watoto hawamo kwenye adhabu hii. Tafadhali msiniambie ninywe maji mengi, nayanywa.

Natanguliza shukrani.

MamaSufuria

Pole dada. Miiko hiyo naijua, na jikoni haitishi kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Kwanza sahau kwamba asubuhi ina chakula chake maalumu. Kiporo cha samaki wa jana na tango vinashuka asubuhi vizuri tu. Ukitaka kitu cha bakuli, chukua kikombe kimoja cha tui la nazi, tia vijiko viwili vya mezani vya mbegu za chia, mdalasini na chumvi kidogo sana, koroga, kisha koroga tena baada ya dakika kumi ili zisigandamane chini. Ilaze kwenye friji usiku kucha. Asubuhi imekuwa nzito kama uji. Mwagia lozi au mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta. Tui la kopo soma maandishi yake, mengine yana sukari. Mtindi nao vivyo hivyo: "asilia" mbele ya kopo haina maana yoyote, geuza nyuma usome.

Cha kubeba kazini: choma kuku mzima, mchambue nyama yote, hapo una milo ya siku kadhaa. Changanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti kidogo, kitunguu, giligilani, maji ya limau na mafuta ya zeituni. Kabichi hailegei upesi kama saladi ya majani, na siku ya pili inakuwa tamu zaidi. Parachichi libebe zima, likate hapo hapo kazini. Siku nyingine weka samaki wa kopo aliye kwenye mafuta au maji, asiwe wa kwenye sosi ya nyanya maana mara nyingi imetiwa sukari.

Usiku ndipo sufuria moja inapowezekana. Pika mchuzi mmoja wa maana, wenzako wale na wali, wewe ule na koliflawa. Samaki wa tui, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Nyama ya kusaga na biringanya. Kuku na bamia. Mapaja ya kuku kwenye oveni na maboga, vitunguu na binzari nyembamba (maboga yana wanga kidogo, muulize aliyekupa karatasi, mimi nayala).

Koliflawa wengi wanaiharibu. Ikune kwa kikunio, iweke kwenye kitambaa safi uikamue maji, kisha kaanga kwenye sufuria pana yenye moto mkali dakika tano tu. Usifunike. Ukifunika inajipika kwa mvuke na unapata kitu cha kulishia mtoto asiye na meno.

Pilipili_Mbichi

Ongeza supu ya mifupa, dada. Ninapika sufuria kubwa, nagawa kwenye vikopo, naingiza kwenye friza. Siku nikirudi nimechoka natoa kimoja, natupia spinachi na yai moja lililokorogwa. Samahani, yai tena.

Kaka_Mbishi

Kabla hujaendelea kukamua koliflawa, dada, huyo mshauri alijuaje kwamba kandida "imetapakaa"? Alikupima nini?

Njaa_ya_Saa_Nne

@Kaka_Mbishi aliniambia niamke, kabla ya kupiga mswaki niteme mate kwenye glasi ya maji. Yakishusha nyuzi kwenda chini, ni kandida. Yangu yalishusha.

@MamaSufuria Mungu akubariki, ya chia nimeiweka usiku huu huu.

Kaka_Mbishi

Nilijua tu. Mate yana ute na protini. Mtu akilala mdomo wazi, au akiwa hajanywa maji ya kutosha, asubuhi mate ni mazito na yatashusha nyuzi. Waite watu wote wa nyumbani kwako wateme, utaona mtakavyokuwa wagonjwa wote. Isitoshe kandida ni mkazi wa kawaida wa mdomo na utumbo kwa watu wengi wenye afya, kwa hiyo hata ingeonekana kwenye mate isingethibitisha chochote.

Na kandida iliyotapakaa mwilini kwa maana ya kitabibu, ile inayoingia kwenye damu, humpata mgonjwa mahututi au aliyeshushwa kinga. Mtu huyo yuko kitandani hospitali, hana nguvu ya kuuliza mapishi.

Wazo la kwamba kandida mwilini ndiyo chanzo cha uchovu na gesi lilivuma Marekani miaka ya 1980. Mwaka 1986 chama cha madaktari wa mzio wa huko kilitoa tamko kwamba ni dhana isiyothibitishwa. Mwaka 1990 ukachapishwa utafiti wa wanawake 42 waliodaiwa kuwa na hali hiyo. Walipewa nistatini (dawa ya fangasi) kwa zamu na dawa bandia, yaani isiyo na dawa ndani. Dalili za ukeni zilipungua kwa dawa ya kweli. Uchovu na mengine ya mwili mzima? Dawa bandia ilifanya kazi sawa na ya kweli.

Kwa hiyo una mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Fangasi za ukeni ni za kweli na zina dawa. Gesi na uchovu vinahitaji kutafutiwa sababu yake.

Pilipili_Mbichi

Mbishi ameingia, mapishi yamekwisha. Mimi lishe hii niliifuata na tumbo likatulia, ngozi ikang'aa. Utafiti wako haukunikuta mimi.

Kaka_Mbishi

@Pilipili_Mbichi sikatai kwamba ulipata nafuu. Uliacha soda, keki, bia na vyakula vya kukaanga kwa mpigo. Nani asingetulia tumbo? Ninachouliza ni kwa nini uyoga na tikiti ziliingia kwenye hukumu hiyo hiyo.

Mla_Majani

Hapo kwenye uyoga namuunga mkono Mbishi. Eti ni fangasi, kwa hiyo utalisha fangasi! Uyoga ukishaliwa unasagwa tumboni kama mboga nyingine. Hamira ya mkate nayo ni kiumbe tofauti na kandida, na joto la oveni linaiua. Karanga inaeleweka kidogo, maana zikihifadhiwa vibaya zinaota ukungu wenye sumu, lakini hilo ni suala la kuchagua karanga safi, si la kandida.

Mimi sili nyama, kwa hiyo nikupe za upande wangu. Tofu: ikamue maji, kata vipande, kaanga mpaka iwe na ganda, kisha tangawizi, pilipili hoho na mbegu za ufuta. Dengu zikipikwa nzito na spinachi zinashibisha kuliko kuku. Zina wanga, ila zina nyuzinyuzi nyingi na hazipandishi sukari haraka. Kama tumbo linajaa gesi anza na kidogo, na maji ya kulowekea yamwage.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, acha nikuulize mambo ambayo yalipaswa kuulizwa kabla ya karatasi. Una mimba au unanyonyesha? Umepungua uzito? Zimekurudia mara ngapi ndani ya mwaka, na kuna mtu amekuchunguza au unanunua dawa mwenyewe kila unapowashwa?

Nauliza hili la mwisho kwa sababu si kila muwasho na uchafu ni fangasi. Kuna maambukizi ya bakteria na ya trikomonasi (kijidudu cha zinaa), na dawa ya fangasi haigusi hata moja kati ya hayo. Kipimo ni kuchukua majimaji kwa pamba na kuyaangalia kwa hadubini, na zikiwa zinarudi, kuyaotesha maabara ili ijulikane ni kandida ya aina gani. Iliyozoeleka ni *Candida albicans*, lakini zipo nyingine ambazo flukonazoli (dawa ya fangasi ya kumeza) haiziwezi vizuri, na hapo mtu anameza vidonge mwaka mzima bila mafanikio.

Fangasi za ukeni zikirudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, hiyo ina matibabu yake marefu, si kidonge kimoja cha miligramu 150 halafu basi. Daktari atakupangia. Pia upimwe sukari ya damu na VVU. Usishtuke, ni vipimo vya kawaida kwa tatizo linalorudi. Sukari ikiwa juu kwenye damu kweli inazipa fangasi nafasi, na ndiyo sehemu ya ukweli ndani ya habari hii yote. Kwa mtu asiye na kisukari ni jambo jingine: watafiti mwaka 1999 waliwapa watu wenye afya sukari nyingi ya ziada, na kandida ya tumboni haikubadilika sana.

Kwa wengine wanaosoma: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari wake, anaweza kuanguka. Mjamzito asimeze flukonazoli kiholela, kuna krimu na dawa za kuchomeka. Na kitunguu saumu ni cha kwenye samaki wa MamaSufuria. Nimewahudumia walioungua kwa kukiweka kwingine.

Njaa_ya_Saa_Nne

Shikamoo mama Nesi. Sina mimba, na mtoto wa mwisho ameshaacha ziwa. Zimerudi zaidi ya mara tatu, na kwa kweli mara zote nilinunua dawa dukani. Suruali zinanilegea. Kichwa kiliniuma sana siku za mwanzo, nikaambiwa nifurahi, ni fangasi wanakufa.

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kahawa ulikuwa unakunywa vikombe vingapi kwa siku?

Njaa_ya_Saa_Nne

Vitatu. Vinne siku za kazi nyingi.

Nesi_Mstaafu

Basi kilichokuuma ni kahawa. Aliyezoea akiiacha ghafla kichwa hugonga siku chache. Ongeza na kukata wanga wote kwa siku moja, lazima ulegee. Hakuna fangasi aliyekufa hapo.

Suruali kulegea bila kukusudia sipendi. Ongeza chakula leo, usisubiri majibu ya kipimo. Rudisha dengu, maboga, tunda zima mara mbili kwa siku, na wali kidogo. Sukari ya mezani na soda uendelee kuviacha, hakuna atakayekulaumu.

Pilipili_Mbichi

Haya, na mimi nakubali matunda yarudi. Lakini siki ya tufaha mimi siachi.

Mla_Majani

Itie kwenye saladi basi, @Pilipili_Mbichi. Ukiinywa kavu kavu inakula meno.

Njaa_ya_Saa_Nne

Nimepata nafasi ya kwenda kuchukuliwa kipimo wiki hii, na sijatumia dawa yoyote ili isiharibu majibu. Nimerudisha matunda, uyoga na kikombe kimoja cha asubuhi. Mtindi na lozi nabaki navyo, vimenikaa vizuri. Chia ya tui watoto wameimaliza kabla yangu, kwa hiyo suala la sufuria mbili limejitatua kwa njia nisiyoitaka.

@MamaSufuria mkate hukunijibu. Hata nikirudi kwenye ngano nataka kuujaribu.

MamaSufuria

Nilisahau kweli! Unga wa lozi kikombe kimoja na nusu, mayai matatu (ndiyo, yale yale), mafuta vijiko vitatu vya mezani, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, maji ya limau kijiko kimoja cha chai ili soda ifanye kazi, na chumvi. Piga mayai na mafuta kwanza, ndipo utie vikavu, limau mwisho. Chombo kidogo kilichopakwa mafuta, oveni nyuzi 180, dakika 35 hivi. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Uache upoe kabisa kabla ya kukata, ukiwa wa moto unavunjika wote.

Njaa_ya_Saa_Nne

Nikitumia unga wa nazi badala ya lozi, kipimo ni kile kile?

MamaSufuria

Hapana! Unga wa nazi unanyonya maji mno. Weka robo ya kiasi cha lozi, ongeza yai moja, na ukiona bado ni mkavu mwagia tui kidogo kidogo. Uache dakika tano ufyonze maji kabla hujauingiza kwenye oveni.