Bebra, mji wa reli Ujerumani: mwenye kuufahamu atujuze

Mwana wa Manyoni
Wakuu, habari za humu. Mama yangu anauza kuku wa kienyeji na asali stesheni ya zamani hapa Manyoni, na biashara hiyo ndiyo iliyotusomesha. Kila mtu anasema SGR ikianza kufanya kazi huku mji utachangamka. Nimesikia kuna mji Ujerumani uliolelewa na reli, Bebra. Reli iliwafanyia nini hasa?

Mkazi wa Kizota
Mkuu, nilisoma Kassel na Bebra ndipo nilipokuwa nabadilishia treni. Kilikuwa kijiji kando ya Mto Fulda mpaka reli ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1840. Baadaye njia za Kassel, Erfurt na Frankfurt zikawa zinakutana pale, kijiji kikakua, na 1935 kikapewa hadhi ya mji.

Sasa sikiliza hapa. Bebra ililishwa na treni zilizosimama. Ujerumani ilipogawanyika kuwa Magharibi na Mashariki, mpaka ulikuwa jirani tu, kwa hiyo treni za kwenda Mashariki zilisimama pale, kichwa cha treni kinafunguliwa, kingine kinafungwa. Mpaka ulipofutwa 1990, sababu hiyo ikaisha. Mwaka uliofuata reli mpya ya mwendokasi ikafunguliwa kupitia Kassel na Fulda, Bebra ikaachwa pembeni. Jengo la stesheni bado lipo, refu, reli zimelizunguka kushoto na kulia, na majukwaa marefu yenye abiria wachache. Treni za mizigo zinapita nyingi, lakini mzigo haununui chai.

Na madirisha ya SGR hayafunguki, mkuu. Kuku wa kupitisha dirishani hayupo tena. Hapa Dodoma abiria akishuka anaingia kwenye bajaji, anaondoka. Mama ajipange nje ya geti, kwenye njia ya kutokea.

Bibi wa Nkuhungu
Wanangu, msiende mbali. Kilimatinde ilikuwa na boma la Wajerumani, mji wa heshima. Reli yao iliyoanzia Dar 1905 ikaja kupita Saranda na Manyoni, ikaiacha Kilimatinde. Leo makao ya wilaya yako wapi? Manyoni. Mjukuu wangu, mji wenu wenyewe ni mtoto wa reli.

Mwana wa Manyoni
Shikamoo bibi, hiyo ya Kilimatinde nimeipata vizuri. Mkuu wa Kizota, ahsante sana. Kwa wenye uzoefu wa stesheni za SGR: eneo la nje ya geti unaombea kibali halmashauri au kwa wenye reli? Mama anataka kuanza kufuatilia mapema.